Siku saba kwa tanga: Lamu, Manda na Pate, na hadithi zinazopimwa kwa maji

Safari hii ni ya mwezi wa Oktoba. Kusi limelegea, kaskazi bado haijaingia, na bahari ya nje haichafuki kama Juni na Julai. Ni kipindi cha demani. Siku ya kuondoka imechaguliwa kwa kutazama mwezi: siku moja baada ya kuandama, bamvua ikiwa na nguvu. Maji ya bamvua hujaa sana na hupwa sana, na hapa Lamu tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 3 hivi. Juma moja baadaye, katika maji mafu, tofauti hiyo hushuka chini ya nusu.

Bila hesabu hiyo, hadithi nyingi za visiwa hivi hazieleweki. Kwa nini mji ulijengwa hapa na si pale, kwa nini jeshi liliangamia ufukweni, kwa nini bandari tajiri ilikufa: uliza kwanza maji yalikuwa wapi. Ndiyo maana kila siku hapa chini inaanza na saa ya maji. Saa hizo ni za kukadiria. Kwa dakika kamili fuata jedwali la bandari.

Siku ya kwanza: Lamu mjini

Maji kujaa saa kumi na nusu alfajiri, kupwa saa tano kasorobo asubuhi.

Leo ni kupakia na kukagua. Chombo ni jahazi la futi 40, watu watano pamoja na nahodha. Maji ya kunywa na kupikia ni lita 5 kwa mtu kwa siku. Watu 5 kwa siku 7 ni lita 175, yaani madumu 9 ya lita 20. Visima vingi vya Manda na Pate vina maji ya chumvichumvi, kwa hiyo usitegemee kujaza njiani. Madumu yafungwe chini, katikati, karibu na mlingoti. Yakirundikwa shetrini, yaani nyuma, pua ya chombo inanyanyuka na jahazi linakataa kwenda joshi, yaani kuukabili upepo.

Farumi, uzito wa kukituliza chombo, ni magunia ya mchanga. Mawe ni mazito kuhamisha, na chombo kikilala upande mmoja yanateleza na kuvunja mbao. Magunia huhamishiwa upande wa upepo kila chombo kinapogeuza mwelekeo, na ndiyo kazi ya kwanza anayopewa baharia mgeni.

Kinachoharibika zaidi ni kamba. Jarari, ile ya kupandishia foromali, yaani mti unaobeba tanga, hulika pale inapopita kwenye roda (kapi) juu ya mlingoti, mahali ambapo hakuna anayeangalia. Ishushwe yote, itandazwe, ikaguliwe pima kwa pima. Nyuzi zikiwa zimeanza kukatika, igeuzwe ncha ili sehemu nzima ndiyo ikae juu. Jarari ikikatika tanga limejaa upepo, foromali nzima inaanguka juu ya watu. Kalafati, pamba iliyozibia nafasi kati ya mbao, nayo ijaribiwe kwa ncha ya kisu: pamba iliyo hai inakigomea kisu, iliyooza inatoka nacho. Chini ya mstari wa maji mbao hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, kumzuia mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Chombo kisichopakwa huliwa ndani kwa ndani huku kwa nje kinaonekana kizima.

Mchana maji yamepwa na hakuna la kufanya gatini. Makumbusho ya Lamu ina siwa (pembe kubwa za kupuliza) mbili zinazofaa kutazamwa kwa utulivu: ya Lamu ni ya shaba, ya Pate ni ya pembe za ndovu na inazidi mita 2. Zote hupulizwa kwa tundu la ubavuni, si la nchani. Zilikuwa alama za utawala, na utawala wa visiwa hivi ulilishwa na biashara ya vyombo vilivyofuata pepo za msimu kwenda Arabuni na kurudi.

Kuhusu mwanzo wa mji, mapokeo yanasema Lamu iliasisiwa na watu wa Sham waliotumwa na Khalifa Abdul-Malik bin Marwan, mwishoni mwa karne ya 7. Hakuna jengo linaloiunga mkono tarehe hiyo. Msikiti wa Pwani, miongoni mwa ya kale kabisa mjini, una tarehe ya mwaka 1370. Hadithi ya pili, ile ya Weyuni na Hidabu, miji miwili iliyopigana mpaka mmoja ukabaki na mwingine ukafukiwa na mchanga, inaaminika zaidi kwa mtu aliyewahi kuona kusi likihamisha vilima vya mchanga vya kusini mwa kisiwa. Vita labda vilikuwapo. Mchanga upo hakika.

Siku ya pili: Shela

Maji kujaa saa kumi na moja na dakika 10 alfajiri, kupwa saa tano na dakika 20.

Kutoka gati ya Lamu hadi Shela ni kilomita 3 hivi. Ukiondoka maji yanapoanza kupwa, mkondo unaoelekea mlango wa bahari unakubeba. Tanga linatwekwa ili usukani ushike tu. Nanga itupwe mbali na ufuko, penye kina cha pima mbili na nusu (mita 4.5 hivi) wakati wa maji makubwa, kwa sababu ya yale yatakayotokea baada ya muda wa saa sita.

Hapa ndipo palipopiganwa vita vya Shela, yapata 1812. Mazrui, watawala wa Mombasa, waliungana na Pate kuishambulia Lamu. Jeshi lilishuka kwenye ufuko huu, ulio mlangoni mwa mlango-bahari wa Lamu, likasonga mbele, watu wa Lamu wakalirudisha nyuma. Wavamizi walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimepwelewa, vimelala ubavu juu ya mchanga mkavu. Wengi waliuawa pale pale. Mapokeo yanasema mifupa yao hufunuliwa na upepo vilimani hadi leo.

Msimulizi wa kawaida huishia kwenye msaada wa Mungu. Tufanye hesabu. Maji yanayopwa hayashuki kwa mwendo mmoja. Ukigawa kushuka kote katika sehemu 12, saa ya kwanza hushuka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua ya mita 3 hiyo ni sentimita 25, 50, 75, 75, 50, 25. Chombo kinachozama mita 1.2, kikiletwa karibu na nchi maji yakiwa yamejaa, kikiachiwa nusu mita tu chini ya mkuku, yaani uti wake wa chini, kinagusa mchanga baada ya saa moja na nusu hivi. Kuelea tena mpaka maji yarudi kimo kile kile, yaani saa tisa baadaye. Katika maji mafu, chombo hicho hicho kikiachiwa nusu mita ile ile kingechelewa kugusa, na kingeelea tena mapema zaidi.

Kwa hiyo sababu ya maangamizi haihitaji muujiza. Jeshi lenye haraka linashusha watu karibu iwezekanavyo ili wasitembee majini na baruti. Hapo ndipo mtego ulipo. Chombo cha vita kilipaswa kuachiwa watu wa kukisogeza nje kila nusu saa maji yanapopungua. Wakishuka wote kupigana, hakuna wa kusukuma.

Baada ya ushindi Lamu iliogopa kisasi na ikaomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman, ambaye alileta liwali na askari. Ngome ya mjini ilikamilika yapata 1821. Baadaye, kuanzia 1910 hadi 1984, ilikuwa jela. Kwa mtazamo huo, kupwa kwa maji siku moja kuliifungulia Oman mlango wa pwani ya kaskazini, ingawa Oman yenyewe ilikuwa tayari inautafuta.

Vilima hivi vina kazi nyingine kuliko kuficha mifupa. Mvua inazama mchangani na kukaa chini kama maji matamu, na ndiyo yanayonywesha mji wa Lamu. Kumbuka hilo kesho.

Siku ya tatu: Takwa, kisiwa cha Manda

Maji kujaa saa kumi na mbili kasoro dakika 10 alfajiri, na tena saa kumi na mbili na dakika 10 jioni.

Kijito cha Takwa kinaingia ndani ya Manda kwa kupindapinda kati ya mikoko. Kinapitika saa moja na nusu kabla ya maji kujaa na saa moja na nusu baada yake, basi. Kuna njia mbili za kwenda. Ya kwanza ni kuingia na mashua alfajiri, kutazama magofu haraka na kutoka kabla ya saa moja na dakika 20. Ya pili, iliyo bora, ni kuiacha mashua ipwelewe makusudi kwenye matope laini, isiwe juu ya mizizi ya mikoko, na kutoka nayo jioni. Jahazi kubwa libaki nje.

Takwa ulikuwa mji kati ya karne ya 16 na ya 17. Una ukuta, nyumba za mawe, na Msikiti wa Ijumaa wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla. Nje ya ukuta kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijra, karne ya 17 ikielekea mwisho. Kisha watu wakaondoka.

Hadithi inayosimuliwa Shela ni kwamba visima viligeuka chumvi na wakazi wakavuka kwenda kuasisi Shela. Watu wa Shela bado huja kwenye kaburi lile kuomba mvua. Nadhani hadithi hii ina ukweli kuliko nyingi, kwa sababu inaenda sambamba na ardhi yenyewe: Takwa iko kwenye shingo nyembamba kati ya kijito cha mikoko upande mmoja na bahari kuu upande wa pili. Maji matamu chini ya shingo kama hiyo ni tabaka jembamba linaloelea juu ya maji ya chumvi. Mji ukikua na kuchota kwa wingi, chumvi inapanda. Ng'ambo ya mlango-bahari kuna vilima vikubwa vya Shela. Si lazima iwe sababu pekee, maana enzi hizo Lamu na Pate hazikuwa majirani wapole, lakini inatosha kuhamisha mji.

Na kijito kigumu kilikuwa ndiyo ulinzi wao. Manowari haiingii. Mashua zinaingia moja moja, kwa saa tatu tu kati ya kila kumi na mbili, na walinzi wanajua saa hizo.

Siku ya nne: Mkanda, Mtangawanda, Pate

Maji kujaa saa kumi na mbili u nusu asubuhi.

Mkanda ni njia nyembamba kati ya Manda na bara, njia ya mkato ya kwenda Pate bila kutoka bahari kuu. Desturi ya vyombo vya tanga ni kuupita maji yakijaa, na kanuni yake ni hii: ingia maji yakiwa bado yanapanda, kamwe usiingie yakianza kushuka. Ukigusa mchanga maji yakipanda, dakika kumi baadaye yanakuinua. Ukigusa yakishuka, umelala hapo mpaka usiku. Kwa hiyo nanga inang'olewa Lamu saa kumi na moja alfajiri. Umande, upepo mwepesi wa kutoka bara, unatosha kwa tanga. Mtu mmoja anakaa mbele na pondo, mti mrefu, akipima na kutaja kina kwa sauti, nahodha akisikiliza bila kujibu. Baada ya saa tatu kusi linaamka na kumaliza kazi.

Jambo la kuangalia ni kugeuza tanga. Jahazi kubwa halipindui kwa kuelekeza pua kwenye upepo. Tanga linashikwa kwa mbele, linaugandamiza mlingoti, na chombo kinasimama au kurudi kinyumenyume. Linapinduliwa kwa kuupa upepo mgongo: demani (hapa si majira, ni kamba ya kukazia tanga) inalegezwa, foromali inasimamishwa wima kando ya mlingoti, inahamishiwa upande wa pili, demani inakazwa upya. Katika Mkanda hakuna nafasi ya mchezo huo, ndiyo maana umande wa ubavuni unapendwa.

Chombo kinatia nanga Mtangawanda, na mji wa Pate unafikiwa kwa miguu, saa moja hivi. Swali la kwanza la mgeni ni kwa nini mji uliotawala visiwa hivi haukujengwa Mtangawanda penye kina. Mbele ya Pate maji yakipwa ni matope mpaka macho yachoke. Jibu ni kwamba kwa mtepe, chombo cha kushonwa, na dau, matope yalikuwa bandari nzuri: chombo kinapwelewa kimesimama, kinapakuliwa kwa miguu, maji yakirudi kinaondoka, na adui mwenye meli kubwa habishi hodi. Vyombo vilipokuwa vizito zaidi na biashara ikajikusanya Lamu, Mombasa na Unguja, ulinzi ule ule ukawa kifungo.

Wareno waliionja Pate mapema. Januari 1499, Vasco da Gama akirudi kutoka India, kumbukumbu za safari yake zinasema vyombo 8 vilitoka Pate kumkabili. Wareno wakapiga mizinga, vyombo vikakimbia, na hawakuvifuata kwa sababu upepo ulikuwa umekufa. Wakati mwingine hadithi hii husimuliwa kama ushindi wa Pate, mara nyingine kama wa Wareno. Ilikuwa shwari.

Asili ya masultani wa Pate inasimuliwa hivi: Sulaiman wa ukoo wa Nabhani alifukuzwa Oman, akaja na watu wake na mali, akamwoa binti wa mtawala wa Pate, na mkwewe akamwachia ufalme. Habari za Pate, maandishi ya mapokeo ya mji huo, zinaliweka tukio hilo mwaka 601 wa Hijra, yaani 1204 hivi. Wanahistoria wengi wanaona tarehe hiyo ni ya mapema mno. Tusisahau pia kwamba nakala ya asili ya habari hizo iliteketea Witu, barani, mwaka 1890 Waingereza waliposhambulia mji ule. Matoleo yaliyopo yametokana na kumbukumbu za watu waliokuwa wameyasikia au kuyasoma, na hitilafu za majina na miaka kati ya toleo na toleo hazishangazi. Leo kuta za Wanabhani zimezungukwa na mashamba ya tumbaku. Ukipita, fuata njia za wakulima, usiruke kuta.

Siku ya tano: Siyu

Maji kujaa saa moja na robo asubuhi na saa moja na nusu usiku.

Kutoka Pate hadi Siyu ni kilomita 8 hivi kwa miguu, njia ya mchanga. Chombo kinazunguka upande wa bara na kungojea mdomoni mwa kijito cha Siyu mpaka jioni.

Siyu haikuwa maarufu kwa vyombo ila kwa mafundi: viatu na mikanda ya ngozi, useremala, na nakala za Kurani zilizoandikwa kwa mkono. Lakini kisa chake kikubwa ni cha baharini. Katika miaka ya 1840 Sayyid Said, akiwa tayari bwana wa Unguja na Mombasa, alituma majeshi kuitiisha Siyu ya Bwana Mataka. Alishindwa. Amiri wake Hamad aliuawa na kaburi lake linaonyeshwa Faza, mji wa jirani kisiwani humo. Siyu iliingia chini ya Unguja katika miaka ya 1860 tu, enzi za Sayyid Majid.

Mtawala mwenye manowari zenye mizinga mingi alishindwaje na mji mdogo? Ukiwa mdomoni mwa kijito jibu liko mbele yako. Manowari inabaki nje, mbali kuliko mzinga wake unavyofika. Askari wanahamia mashuani, wanaingia kwa saa za maji makubwa, mikoko pande zote mbili ikiwa hatua chache kutoka kwenye makasia. Au wanashuka Faza na kutembea, na hapo chakula, maji na baruti vinabebwa kichwani. Njia zote mbili zinampa mwenyeji nafasi ya kuvizia.

Ngome ya Siyu, yenye mnara na lango lililonakshiwa, wenyeji wanasema waliijenga wenyewe na si wageni. Ni dai la heshima yao, na ukiuliza kinyume chake mjini utapewa somo refu.

Siku ya sita: Shanga

Maji kujaa saa mbili asubuhi, kupwa saa nane mchana.

Magofu ya Shanga yako upande wa bahari kuu, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu kutoka Siyu. Usijaribu kufika kwa jahazi. Mbele yake kuna miamba, na ndani ya miamba kuna eneo pana linalokauka.

Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba hapa katika miaka ya 1980. Chini ya Msikiti wa Ijumaa wa mawe alikuta misikiti juu ya misikiti, ya mwanzo kabisa ikiwa ya miti, ya karne ya 8. Ni miongoni mwa ushahidi wa kale zaidi wa Uislamu katika pwani hii. Mji ulihamwa yapata 1425. Kuna mamia ya makaburi, mengine ya nguzo.

Sasa hadithi ya Wachina, ambayo ndiyo inayowaleta wengi. Inasema jahazi kubwa la China lilivunjika kwenye miamba ya nje, mabaharia wakaogelea hadi nchi kavu, na wazee wakawakubalia kukaa kwa sharti wamuue chatu aliyekuwa akiwasumbua watu. Walimuua, wakaoa, na koo kadhaa za Siyu zinajihesabu uzao wao.

Kinachowezekana: misafara ya amiri wa China Zheng He kati ya 1405 na 1433 ilifika Afrika Mashariki, na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sarafu ya shaba na fedha ya enzi ya mfalme Yongle, yenye tundu la mraba katikati, imepatikana Manda. Miamba ya hapa inaweza kuvunja chombo chochote kinachosukumwa na kusi kuelekea nchi, kwa sababu mwenye kina kirefu hana pa kutupa nanga kabla ya kugonga.

Kisichothibitisha lolote: vyungu. Vigae vya China vinaonekana Shanga katika matabaka ya karne ya 9, yaani karibu miaka 600 kabla ya Zheng He. Vililetwa na wafanyabiashara wa Ghuba, vimepita mikono kadhaa. Kigae ufukweni ni ushahidi wa biashara na si wa baharia. Anayekuonyesha bakuli la kijani kama cheti cha ukoo anaruka hatua.

Hesabu ya miaka nayo ina mwiba. Mji ulikuwa unahamwa katika miaka ile ile ambayo Wachina wangefika. Ama walikuta mji unaokufa, au walifika moja kwa moja kwa watu waliokuwa wakihamia Siyu. Toleo la pili linalingana na mapokeo ya koo zenyewe, ambazo ziko Siyu leo. Chatu tumwachie msimulizi.

Siku ya saba: Faza

Maji kujaa saa tatu asubuhi. Bamvua imekwisha; kila siku maji yanajaa kidogo kuliko jana.

Faza, ambayo Wareno waliiandika Ampaza, iliadhibiwa vibaya kuliko miji mingine. Mwaka 1586 nahodha Mturuki Mir Ali Bey alishuka pwani hii na miji mingi ikamkubali dhidi ya Wareno. Mwaka uliofuata kundi la meli kutoka Goa, chini ya Martim Afonso de Melo, liliuteketeza mji, likamuua mfalme na kukata minazi 10,000, kwa hesabu yao wenyewe. Idadi ya wakataji hujisifu, lakini kulenga minazi ni kitendo cha mtu anayejua bahari. Kutoka kwa mnazi ndiko inakopatikana kumbi, kutoka kwa kumbi kamba, na kwa kamba ndivyo vyombo vya hapa vilivyoungwa. Nyumba iliyochomwa hujengwa upya kwa msimu mmoja. Mnazi hungojewa miaka sita na zaidi kabla ya kuzaa.

Chombo hicho ni mtepe, kazi ya Wabajuni. Hauna msumari wa chuma hata mmoja. Mbao huwekwa ukingo kwa ukingo, hushikizwa kwa vijiti vya mti vilivyopigwa mshazari, kisha hushonwa kwa kamba ya kumbi kupitia matundu yaliyotobolewa kwa keke, chombo cha kutobolea mbao, na matundu huzibwa. Mlingoti mmoja, tanga la mraba la mkeka uliosukwa, macho yaliyochorwa mbele. Pua imechongwa kama shingo ya ngamia, na hadithi inasema ni ngamia wa Mtume.

Hadithi nyingine, iliyosimuliwa na mabaharia wa Bahari ya Hindi tangu zamani, ni kwamba misumari iliepukwa kwa hofu ya milima ya sumaku iliyo chini ya bahari, ambayo ingeing'oa yote. Sababu za fundi ni za kawaida zaidi. Chuma kilikuwa ghali na huoza kwa chumvi. Kumbi ilikuwa mlangoni. Na mwili ulioshonwa hunyumbuka: ukipwelewa juu ya fungu, mtepe unajikunja kidogo pale ambapo chombo cha misumari kingepasuka. Gharama yake ni kuvuja. Mtu mmoja hakuachana na upo wa kuchotea maji, usiku na mchana, na mshono wote ulipaswa kurudiwa mara kwa mara kwa kuwa kumbi huoza. Tanga la mraba nalo halikwenda joshi ipasavyo, kwa hiyo mtepe ulingoja upepo wake. Mwongozo wa Kigiriki wa karne ya 1 tayari unataja vyombo vya kushonwa pwani hii. Mitepe ya mwisho iliacha kazi katika karne ya 20, baada ya miaka mingi ya kubeba boriti kwenda Mombasa na Unguja.

Kurudi Lamu kuna chaguo mbili. Ya kwanza ni ndani: ondoka Faza usiku, maji yakianza kupanda, ukae upande wa bara upate umande, kwa kuwa mchana kusi linakuja usoni. Ila Mkanda sasa haujai kama siku ya nne. Jahazi tupu linapita. Jahazi lililopakia boriti korija kwa korija (ishirini ishirini) lingoje bamvua ijayo, siku saba au nane, au lipunguze shehena Mtangawanda. Ya pili ni nje ya Manda, bahari kuu, kwa kupiga bisho, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo. Huko hakuna wasiwasi wa kina mpaka mlango wa Shela, ambako mawimbi huvunjika juu ya fungu maji yanayotoka yakikutana na kusi. Ingia mchana, maji yakiwa yanapanda, yaani kuanzia saa tisa au kumi alasiri kwa tarehe hizo. Ukichelewa, tia nanga nje na ungoje.